Nilivyofanya kazi kwenye shamba la mbegu za porini Luberizi, na habari ya umuvugangoma wa mwisho

Wakuu, amani iwe kwenu popote mlipo.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu. Mara nyingi napita kimya, nacheka na komenti zenu, naondoka. Leo nimeona na mimi niweke uzi wangu.

Nitasimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo, niliambiwa.

Niko Uvira, Congo, huku juu kabisa ya Ziwa Tanganyika. Kiswahili chetu kina Kifaransa ndani, kina Kirundi, kina Kifuliiru. Nitajitahidi kuandika kile cha shuleni, lakini watu wakiongea nitawaacha waongee walivyoongea. Mtanivumilia.

Mniite Sifa.

Kwa miaka mingi nilikuwa muuzaji wa liputa, vile mnavyoviita vitenge. Asubuhi navuka mpaka pale Kavimvira, naingia Bujumbura, jioni narudi na mzigo kichwani. Kisha mpaka ukaanza kufungwa na kufunguliwa. Leo unapita, kesho unarudishwa, keshokutwa unaambiwa ngoja. Biashara yangu ikafa taratibu, bila hata kelele.

Binamu yangu akaniambia kuna shamba kule Luberizi linatafuta akina mama wa kushughulikia mbegu.

Nikamuuliza, mbegu za nini? Mahindi? Mpunga?

Akasema hapana. Mbegu za porini. Majani, vichaka, miti ya zamani.

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Muntu anapanda majani? Sisi tunayang'oa, wao wanayapanda? Lakini kukaa nyumbani nilikuwa nimechoka. Nikapanda moto, hizi pikipiki zetu za abiria, nikaenda.

Wakuu, sijui nielezeeje lile shamba.

Liko katikati ya tambarare ya Ruzizi. Upande mmoja mashamba ya mpunga, upande mwingine ng'ombe wanapita, na mbali kidogo barabara ya Bukavu na kamyo zake, yaani malori. Ukitazama mashariki unaona milima ya Burundi, ya bluu. Ukitazama magharibi ni milima yetu, ile inayopanda mpaka Bijombo, na mawingu yamekaa juu yake asubuhi nzima.

Na pale katikati, mistari. Mistari mirefu ya majani niliyoyakanyaga tangu utotoni bila kuyauliza jina. Yamepandwa kwa kamba, yamepaliliwa kama maharage. Upepo wa ziwa ukija mchana, yote yanalala pamoja, halafu yote yanaamka pamoja.

Siku ya kwanza nilisimama pale nikasahau kusalimia.

Mkuu wa shamba alikuwa Enjenia Adela. Mwanamke mrefu, mzaliwa wa hapa hapa Uvira, amesomea misitu. Anaongea polepole, utadhani kuna mtoto amelala chumba cha pili.

Alinieleza hivi. Milima iliyo juu ya mji wetu imebaki uchi. Mvua ikinyesha, mito inashuka na matope na mawe mpaka vitandani mwa watu. Hilo sikuhitaji kuambiwa, nimeliona. Kingo za Ruzizi nazo zinabomoka. Dawa ni kurudisha mimea iliyokuwepo, ile ambayo mizizi yake inaijua ardhi hii na ndege na nyuki wake wanaijua.

"Shida ni mbegu," akasema. "Sokoni haziko. Inabidi kutafuta mama wa mmea aliyebaki porini, kumuomba kidogo, kuzipanda hapa mpaka ziwe nyingi. Mlima mzima huwezi kuupanda kwa kiganja kimoja."

Neno lake hilo la kumuomba mama lilinikaa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utulivu mpaka wakati mwingine nilihisi naota macho wazi. Asubuhi tunakata masuke ya majani umande ukishakauka. Mchana tunakaa kivulini juu ya mikeka, tunapukuchua, tunapepeta, tunachagua.

Kuna mti Warundi wa tambarare wanauita umusave. Maganda yake ni marefu, yakikauka yanapasuka yenyewe, na ndani mbegu zina mabawa mepesi kama karatasi ya sigara. Hizo tunazichagulia ndani, upepo usizibebe, na ukiwa unazichagua huruhusiwi kucheka. Kweli kabisa, wakuu. Ukicheka tu, lundo zima linaruka. Sasa jaribuni kuwaweka akina mama wa Kifuliiru na wa Kirundi chumba kimoja, muwaambie wasicheke. Tulikuwa tunabana pumzi mpaka machozi yanatoka, halafu mmoja anashindwa, na chumba kizima kinajaa vipepeo vidogo vyeupe.

Jioni narudi nyumbani mbegu za majani zimenata kwenye liputa yangu. Nilianza kuzitoa moja moja na kuzirusha kwenye mtaro ulio nyuma ya parseli yangu, kiwanja changu. Nyingine zimeota. Lakini tuendelee.

Kulikuwa na mti mmoja Enjenia alioutafuta muda mrefu. Kirundi ni umuvugangoma, maana yake ni ule unaosemesha ngoma. Ngoma zile kubwa za Kirundi huchongwa kutoka kwenye shina lake. Mbao zake nzuri, kivuli chake kizuri, nyuki wanaupenda sana. Na kwa sababu ya uzuri wake wote huo, umekatwa mpaka umeisha. Upande wetu wa tambarare tulizunguka na moto, tukauliza makanisani, tukauliza wachungaji wa ng'ombe. Wengi walisema, ulikuwa pale, ulikuwa kule. Ulikuwa.

Mpaka tukaambiwa, nendeni kwa Papa Gahungu.

Papa Gahungu alikuwa mkulima wa mpunga wa Luberizi, si mzee sana, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba vitu vizito. Nyuma ya nyumba yake ndipo mti uliposimama.

Tulifika ukiwa umechanua.

Maua meupe mti mzima, membamba, yamejikunja kidogo pembeni kama kitambaa kilichofuliwa na kusahauliwa juani. Yalikuwa yanaanguka polepole hata bila upepo. Chini palikuwa peupe pote. Kuku walikuwa wanatembea juu ya maua. Na juu, mlio wa nyuki, mnene, wa kulaza usingizi. Nilikaa chini bila kukaribishwa. Enjenia naye akakaa.

Papa Gahungu akatoka akatukuta pale.

"Nyinyi muko na ugonjwa?" akauliza.

Tukamweleza. Akasikiliza akiwa amesimama. Halafu akasema:

"Ile muti iko ya ngoma. Mpunga ukishavunwa, batu ya msumeno banakuja. Nilishapatana nao. Mukitaka maua, muchukue leo, ni ya bure."

Enjenia akamwambia maua hayatusaidii. Tunahitaji matunda, yaive yawe ya manjano, na hayo ni ya miezi ijayo.

"Miezi ijayo minye niko na ngoma," akasema. Minye, kwetu, ni mimi.

Hakuwa mtu mbaya, wakuu. Baadaye mkewe, mama Serafina, alinisimulia. Papa Gahungu na ndugu zake walikuwa wapigaji wa ngoma, wanaitwa harusini, wanaitwa kanisani siku za sherehe. Miaka ya nyuma walikimbia vita, na waliporudi walikuta ngoma zote zimepasuliwa kuni. Ndugu zake wengine hawakurudi kabisa. Tangu hapo hakupiga tena. Alikuwa ameutunza ule mti kwa ajili ya hizo ngoma. Kila akiutazama alikuwa anaziona zimo ndani ya shina, zimelala.

Sasa mtu kama huyo unamwambiaje asubiri?

Siku ile aliyemsemesha ni mama Serafina mwenyewe, akiwa anachambua mchele, bila hata kuinua kichwa:

"Hizo ngoma utapiga weye. Na wajukuu batapiga nini? Sufuria?"

Papa Gahungu akamtazama. Akatutazama sisi. Akaingia ndani.

Tukadhani basi. Tukaaga. Tulipofika kwenye moto akatoka tena akapaza sauti: "Nitangoja matunda! Matunda tu! Yakishaanguka, msumeno unaingia!"

Basi ikaanza ile miezi ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona.

Kila nilipopata nafasi nilipita kwa Papa Gahungu kuuangalia mti. Maua yaliisha. Vikaja vitunda vidogo vya kijani, vigumu. Mama Serafina ananipa uji, tunakaa. Jua linapita kwenye majani mapana, linatua kwenye mikono yetu, linahama. Papa Gahungu akirudi kutoka mpungani anagonga shina kwa kiganja, anainamisha sikio.

"Unasikia?" ananiuliza.

Mimi sikusikia kitu, lakini nilisema nasikia. Baada ya muda, wallahi, nikaanza kusikia.

Kisha risasi zikasikika bondeni.

Sitaingia siasa, wakuu, kuna nyuzi nyingine za hayo. Itoshe kusema barabara ilifungwa, na watu wa tambarare wakaanza kushuka kuelekea Uvira na mpakani wakiwa na watoto na mbuzi. Shamba letu lilifungwa. Siku ya mwisho tuligawana mbegu zilizokuwa ghalani, kila mama akabeba chupa zake kwenda kuzificha nyumbani. Kwa miezi kadhaa, chini ya vitanda vya Uvira kulilala msitu mzima. Nikilifikiria hilo napata usingizi.

Lakini umuvugangoma haukuwemo. Matunda yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kugeuka rangi.

Nilimpigia Enjenia. Nikamwambia nitatafuta moto nijaribu kupita.

"Hapana, Sifa," akasema. "Mbegu haina thamani ya damu ya muntu. Tuache."

Nilijua anasema kweli. Lakini kila asubuhi nilienda kusimama Kavimvira kando ya barabara nikitazama wanaoshuka. Nilikuwa namtafuta mama Serafina usoni mwa kila mwanamke. Nilikuwa nimezoea uji wake.

Na asubuhi moja nikawaona.

Papa Gahungu alikuwa anasukuma baiskeli, mama Serafina nyuma na mfuko kichwani. Miguu yao vumbi mpaka magotini. Kwenye baiskeli kulikuwa na mzigo mkubwa umefunikwa na mkeka, umefungwa kwa kamba za mpira. Nikakimbia, nikamkumbatia mama, tukalia kidogo pale barabarani.

Papa Gahungu akasubiri tumalize. Halafu akafungua mkeka.

Mabeseni mawili na gunia. Yamejaa matunda ya manjano, yanang'aa, yananata, mengine yamepasuka. Nyuki wawili watatu walikuwa bado wanayafuata.

"Chukua mzigo yako," akaniambia. "Imenichosha."

Nikaishika baiskeli isianguke.

Mama Serafina ndiye aliyesimulia. Mimi sikuwepo. Anasema watu walikuwa wanafunga mizigo wanakimbia, na yeye anafunga godoro kwenye baiskeli. Anageuka, mume hayupo. Anaita. Sauti inajibu kutoka juu. Amepanda mti, miguu mitupu, anapukutisha matunda.

"Nikamuambia, shuka, tunakufa! Akasema, njoo na beseni. Akashuka, akafungua godoro, akalitupa chini. Nikamuuliza, tutalalia nini? Akasema, tutalalia mukeka."

Nilimuuliza Papa Gahungu kwa nini. Akafikiri.

"Ile muti inabaki peke yake na batu benye silaha," akasema. "Banaikata banachoma makaa. Nilijua. Basi nikaona isiende bure."

Nikawapeleka kwangu. Wakalala sebuleni, juu ya mkeka kweli, mpaka nilipopata godoro la kuazima, jembamba kama mkeka wenyewe.

Asubuhi yake tulikwenda ziwani kuosha. Lile tunda lina ute mtamu, unanata kama gundi. Lazima ulisugue na mchanga ndani ya maji mpaka ibaki kokwa. Tulikaa majini mpaka kwenye mapaja, ziwa limetulia, ukungu mwepesi, milima ya ng'ambo haionekani chini, inaonekana juu tu, imeelea. Wanawake waliokuwa wanafua wakauliza tunaosha nini. Papa Gahungu akajibu, "Ngoma." Wakatazamana.

Ila gunia lilikuwa limechacha. Lilinuka pombe. Njia ilikuwa ndefu na jua kali.

Enjenia Adela alikuja akazichukua kokwa mkononi, akazitazama, akamtazama Papa Gahungu. Hakumdanganya. "Za beseni ziko na matumaini. Hizi za gunia, sijui. Na hata zile nzuri zinachelewa sana kuota. Tungoje."

Tukazipanda kwenye vifuko vya udongo nyuma ya nyumba yangu, chini ya kivuli cha matete. Tukamwagilia. Tukangoja.

Hakuna kitu.

Mwezi ukapita. Udongo mtupu, umelowa, umetulia. Kila asubuhi Papa Gahungu anachuchumaa pale, vidole vyake vinapiga kitu fulani polepole juu ya bido, dumu la maji. Anasimama, anaondoka. Mwanzoni nilidhani ni subira. Ilikuwa huzuni.

Siku moja mama Serafina aliamka mgongo unamuuma. Papa Gahungu akasimama juu ya vile vifuko akasema kwa sauti, watu wote wasikie: "Afadhali ningebeba godoro!"

Hakuna aliyecheka. Mimi niliingia ndani nikafunga mlango. Nilijiona nimewaibia watu hawa kitanda chao kwa ajili ya ndoto yangu.

Barabara ilipotulia kidogo, Papa Gahungu akasema anaenda kuona nyumba. Mkewe akamzuia, akakataa. Akaenda na baiskeli.

Alipokuwa huko, ndipo zikaota.

Nilitoka asubuhi na kopo la maji, nikaona udongo kwenye kifuko kimoja umeinuka, umepasuka katikati. Nikapiga magoti. Kulikuwa na kijani kilichokunjwa, kidogo kuliko ukucha. Mama Serafina akaja, tukakaa pale tukikitazama mpaka jua likapanda. Siku zilizofuata kikaja kingine, na kingine. Za beseni, kama Enjenia alivyosema. Na za gunia pia chache, ambazo hata yeye alifurahi kukosea.

Simu ya Papa Gahungu haikupatikana. Hakujua lolote.

Alirudi mchana. Nilikuwa mlangoni. Nilimwona anashuka kwenye baiskeli, nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Bameikata," akasema. "Iko kisiki tu, na duara ya majivu."

Nilikuwa nimepanga maneno ya furaha siku zote hizo. Nikamshika tu mkono wa shati, nikamwambia, "Papa, kuja uone."

Akanifuata. Mama Serafina akasogea pembeni.

Papa Gahungu hakuchuchumaa safari hii. Alilala kifudifudi kwenye udongo wenye maji, na shati lake la safari, kidevu chini, ili macho yake yawe sawa na vile vijani. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Njo yeye?" akauliza, yaani ndiye huyo?

"Njo yeye," nikasema.

"Mpaka awe ngoma, miaka ngapi?"

Nikasema sijui. Jioni Enjenia alikuja, akamuuliza yeye. Enjenia akamjibu kwa ile sauti yake ya polepole: "Papa, weye na minye hatutaipiga hiyo ngoma."

Akatazama chini. Halafu akaanza kucheka. Kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu wahamie kwangu. Mama Serafina alitoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kuna nini.

Sasa hivi, wakuu, familia imerudi Luberizi. Hali si shwari moja kwa moja, lakini watu wanalima. Shamba la mbegu nalo limefunguliwa, uzio ulikuwa umeibwa, mistari mingine imeliwa na mbuzi. Chupa zimeanza kutoka chini ya vitanda.

Miche ya umuvugangoma ilipofikia kimo cha goti tuliipakia kwenye kamyo kwenda kwa Papa Gahungu. Mimi nilidhani ataipanda yote kwake, pembeni ya kisiki. Ni haki yake.

Hakufanya hivyo. Mmoja akaupanda karibu na mlango wa nyumba. Michache akatuachia sisi, tuipande shambani iwe mama wa mbegu za kesho. Iliyobaki akaifunga kwenye baiskeli akaanza kuzunguka. Akampa jirani wa mpungani, Mfuliiru. Akawapa masista wa parokia. Akampa mchungaji mmoja wa ng'ombe aliyekuwa anapanda kurudi milimani, mtu ambaye zamani aligombana naye kwa sababu ya ng'ombe kuingia mpungani. Mimi nilikuwepo siku hiyo. Yule mchungaji alishangaa, akauliza anapewa kwa nini.

Papa Gahungu akamwambia:

"Nikiiweka yote kwangu, muntu mumoja na shoka moja anaimaliza asubuhi moja. Kaa nayo. Ng'ombe asikule."

Yule akaushika ule mche kwa mikono miwili, akaanza kupanda mlima.

Nilichojifunza ni hicho tu, wakuu, sina cha kuongeza sana. Kitu unachokipenda usikifungie nyumbani kwako peke yake. Kigawe, hata kwa yule usiyepatana naye, ndipo kitapona. Na kusubiri nako ni kazi, kunachosha kama kulima.

Sasa ni zamu yenu. Kwenu umebaki mti gani ambao wazee wanasema "ulikuwa pale, ulikuwa kule"? Mnauitaje? Kuna mtu anakusanya mbegu zake? Wale wa kucheka kwamba napanda majani, chekeni, nimeshazoea. Ila msichekee karibu na umusave.